Kimashine cha Kibindoni

Asubuhi ile sikuwa nimetia kitu mdomoni. Nikajichoma kidole, nikaminya tone la damu kwenye kile kikaratasi, nikakipa kipimo cha sukari nafasi kihesabu mambo yake. Kilipomaliza kuhesabu kikaniletea ishirini na saba.

Nikakipiga mgongoni kama unavyopiga redio inayokwaruza. Nikajichoma kidole cha pili. Ishirini na saba tena, na vijinukta juu yake.

"Mzee," nikamwita mume wangu aliyekuwa anavaa viatu vya mvua, "njoo unisomee hapa, naona macho yangu yameanza utani."

Akaja, akainama, akatazama.

"Ishirini na saba."

"Isome tena."

"Mama watoto, namba haibadiliki kwa kusomwa. Jana usiku ulikula nini?"

"Ndizi mbili za kuchemsha na mchicha. Si ulikuwa umekaa mbele yangu unanihesabia?"

"Za mbele yangu nilizihesabu," akasema, akifunga kamba ya kiatu. "Za nyuma yangu sizijui."

Mimi shule niliishia pale wanapofundisha kushika chaki, lakini namba nazijua, na namba ya sukari yangu naijua kuliko umri wangu. Ikiwa tano, sita, hata nane, niko mzima, naweza kupanda mlima na kurudi. Ikifika kumi na tano, nina kesi ya kujibu. Ishirini na saba? Hata chai ya msibani, ile wanayopika vijana wasiojua kupima, haifiki ishirini na saba! Nilikaa kwenye kigoda nikajiangalia mikono kama mtu aliyeambiwa ana vidole kumi na viwili.

Kilichonishtua zaidi ni kwamba nilikuwa na mashine. Mtu mwenye mashine anapandaje sukari?

Binti yangu mkubwa ni nesi huko Ulaya. Krismasi ile, kama wote waliotoka kwetu Kibosho, alirudi kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, na ndani ya sanduku, katikati ya maziwa ya unga na soksi za baba yake, alikuwa amebeba kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Kilikuwa cha mama mmoja wa huko aliyepata kipya, akamwambia, mpelekee mama yako. Kabla ya hapo nilikuwa najichoma insulini kwa bomba la sindano asubuhi, mchana, jioni na usiku, mpaka mapaja yangu yakawa kama chujio la chai. Nikinywa maji mengi naogopa yatavuja. Hiki kidude unakijaza insulini, kina mpira mwembamba kama uzi wa kushonea kiatu, na mwisho wa mpira kuna kisindano laini kinakaa tumboni. Kinadondosha dawa kidogokidogo usiku na mchana, na ukitaka kula unabonyeza kitufe kinaongeza.

Binti na daktari wa kliniki ya sukari mjini walikaa nacho kutwa nzima wakikipangia. Halafu binti akanishika mabega.

"Mama, nisikilize. Usikianike juani. Dawa ikipigwa na jua inakufa. Na isigande. Ikiganda nayo imekufa. Umesikia?"

"Jua hapana, kuganda hapana."

"Basi."

Nikazishika hizo mbili kama amri kumi za Mungu, tena amri kumi nyingine huwa nazisahau katikati.

Watu walikuja kukiona kama wanavyokuja kuona mtoto mchanga. Mzee mmoja wa jirani, meku mwenye masikio mazito, akakitazama sana akauliza, "Na taarifa ya habari kinashika?"

"Kinashika, meku. Lakini ya tumboni tu."

Kilikuja na kibanio cha kubania kwenye mkanda. Mimi mkanda nautoa wapi? Mwanamke wa kanga mfuko wake ni kibindo, ile sehemu ya kiunoni unapokunja kanga na kukaza. Kibindoni kwangu kulikuwa na rozari, na kikopo kidogo cha mafuta ya mgando ya kupaka mikono maana maji ya kazi yangu yanapasua ngozi, basi na kimashine kikaingia humohumo. Wote watatu wakaishi kwa amani, hakuna aliyelalamika.

Kazi yangu ilikuwa mbege. Ilikuwa miaka ile kahawa haina bei. Wanaume waliozaliwa chini ya mibuni walikuwa wanaing'oa kwa mikono yao wanapanda nyanya, na kila mtu anauza kitu: huyu mitumba, huyu betri, huyu sabuni iliyovuka mpaka. Mimi nilipika mbege. Unachemsha ndizi mbivu kwenye pipa kuanzia asubuhi mpaka zinakuwa nyekundu kama udongo wa barabara, unaziacha zichachuke siku kadhaa, unachuja, unachanganya na uji wa ulezi uliooteshwa. Mama mkwe wangu ndiye aliyenifundisha, kwenye mafiga yake mwenyewe, mawe matatu makubwa ambayo ukiyaona utadhani mlima uliyatema. Aliponipa mwiko alisema, "Sasa na wewe una mji." Nilikuwa bibi harusi wa juzijuzi, nikalia mpaka moto ukazimika.

Sikilizeni vizuri hapa. Kwetu huwezi kumpa mtu kata ya mbege kabla hujaionja wewe mpishi mbele ya macho yake. Ni heshima, tena anapata kuona kwamba hukumtilia kitu kibaya. Kwa hiyo siku sukari iliponikamata, wateja wakaanza kuniangalia kwa huruma: huyu ataonjaje? Nikawaambia, nitaonja na kutema. Na nilitema! Nilitema mpaka kuku wa pale uani wakawa wanatembea upande upande.

"Mama, leo umetema?" wananiuliza.

"Nimetema."

"Tema tena tuone, ya kwanza nilikuwa napenga kamasi."

Ndiyo maisha yalivyokuwa, kicheko na kutema, toka Krismasi mpaka mwezi wa tano. Kipimo kinasema sita, saba, sita. Mpaka baridi ilipokuja.

Mtu wa mjini Moshi haijui baridi ya kwetu. Mwezi wa saba huko juu, mtu anakuamkia shikamoo asubuhi, ile shikamoo inaganda njiani, unaisikia saa sita ikianza kuyeyuka. Ukungu unashuka unakaa juu ya migomba, manyunyu hayakomi, na mlima wenyewe unajifunika hutauona mpaka uusahau. Mafuta ya kupaka yanakuwa jiwe. Na mimi, kila nikisikia meno yangu yanagongana, nasikia sauti ya binti: isigande.

Basi sikucheza. Siku za jua nilikuwa napikia uani. Sasa nikahamisha pipa jikoni ndani, kwenye yale mafiga ya mama mkwe, nikavuta kigoda karibu, nikakaa na moto kama paka. Kutwa nzima nakoroga, nachochea, nakoroga. Wanangu wote sita sijawahi kuwakinga baridi kama nilivyokikinga kile kimashine.

Ndipo ikaja ile ishirini na saba.

Siku ile nilibonyeza kitufe. Kikadondosha. Nikasubiri, nikapima: ishirini na sita. Nikabonyeza tena. Ishirini na saba. Kiu ilinishika ambayo nikiisimulia mnasema naongeza chumvi: ningepewa mto Karanga ningeunywa mpaka samaki wabaki wanarukaruka kwenye mawe. Na chooni, lo, mwisho niliona aibu kurudi ndani, nikasema bora nihamie huko na godoro. Macho yakawa na ukungu, nje ukungu, ndani ya macho ukungu. Mume wangu akaona midomo yangu imekauka na pumzi zangu zinatoka kama za mtu aliyekimbia, akaacha utani. Akatafuta pikapu ya mtu wa nyanya, wakanipakia pamoja na matenga mpaka kliniki mjini.

Daktari wa kliniki alikuwa dada mwembamba, umri wa binti yangu, mpole lakini macho yake hayapepesi. Akanichoma insulini ya kliniki kwa bomba, akaniwekea dripu, akafungua kimashine chote. Akautazama mpira kwenye mwanga, akatazama kisindano, akakidondoshea dawa kwenye kidole chake, kisha akakijaza dawa mpya. Ilipofika jioni nilikuwa na tisa.

"Mama, mashine ni nzima," akasema. "Mpira haujakunjika. Hakuna hewa. Dawa nyumbani unaiweka wapi?"

"Kichupa kinakaa kwenye mtungi wa maji, pembeni ya kitanda. Ukiuingiza mkono unalia."

"Vizuri sana. Juani hukianiki?"

"Daktari, jua! Kwetu jua tangu mwezi wa tano tunalisikia kwa watu wa mjini."

Akacheka, akaandika andika. Halafu akaacha kucheka.

"Basi kilichobaki ni mdomo."

"Natema, daktari! Waulize kuku!"

"Mama, mbege ni ndizi mbivu iliyochemshwa kutwa. Hiyo ni sukari imekaa ndani ya sukari. Sukari ikikaa juu hivi, macho yanakwenda, figo zinakwenda, miguu inakwenda. Na leo ungeweza kwenda wewe mzima mzima." Akanipa mabomba ya kuwa nayo nyumbani. "Ikipanda, usiibembeleze mashine. Jichome kwa bomba na dawa ya kwenye kichupa, badilisha kila kitu, uje. Lakini nikikuona kliniki ijayo bado iko hivi, upishi wa pombe basi. Nimemwambia na baba hapa."

Baba alikuwa amesimama pale ameshika kofia, anaitikia kama yuko komunyo.

Jumapili ile nilikuwa na nane. Niliimba kanisani mpaka mtu wa mbele yangu akageuka. Jumatatu nikawasha moto. Jumanne asubuhi ishirini na mbili.

Nikajichoma kwa bomba, nikabadilisha kila kitu kama nilivyoambiwa, ikashuka. Sikupika siku mbili, nikakaa saba. Nikapika, ikapanda. Mume wangu, ambaye hesabu pekee aliyowahi kuipenda ni ya drafti, akaketi mbele yangu.

"Mama watoto. Siku hupiki, uko mzima. Siku unapika, unapanda. Mimi sijasoma udaktari, lakini hata mbuzi angeelewa."

"Sijameza hata tone!"

"Basi nani anameza?"

Hilo swali lilinipiga. Kwa sababu alichokisema ni kweli! Siku ya moto, sukari. Siku bila moto, hakuna sukari. Nikaanza kujishuku mwenyewe. Labda nameza nikiwa sina habari. Labda ulimi wangu una njia ya siri. Labda mvuke wa ndizi unaniingilia puani! Nikajifunga kitambaa puani kama mwizi wa benki, nikapika hivyo kutwa nzima, wateja wanaingia wanarudi nyuma. Kesho yake: ishirini na nne.

Na hapo ndipo wifi yangu alipopata kazi.

Wifi ni dada yake mkubwa mume wangu. Alikuwa anakaa ng'ambo ya mfereji unaoleta maji vihambani, na biashara yake ilikuwa ulezi: anaufuata Tarakea, anashuka nao, ananiletea mimi na wapishi wengine. Macho yake yalikuwa makali, angeweza kuona kiroboto akipiga miayo. Alinipenda, lakini alinipenda kama askari anavyompenda mfungwa.

"Wifi," akaniambia, "mama yetu alikuachia mafiga, hakukuachia pipa la kuogelea."

"Wifi, naapa kwa rozari hii."

"Rozari iache. Inakaa kibindo kimoja na pombe."

Mume wangu akatoa hukumu. Jirani yetu alikuwa anamwozesha binti, nilishakubali kumpikia mbege ya sherehe ya kumuaga. Hiyo ingekuwa ya mwisho. Baada ya hapo mafiga yanatoka. Alishaongea na fundi aliyekuwa anajenga banda la nguruwe kule chini, aje Jumamosi upishi ukiisha, na toroli, ayabebe mawe yote matatu akayatie kwenye msingi.

"Msingi wa nguruwe?" nikauliza.

"Msingi ni msingi."

"Mawe ya mama yako? Chini ya nguruwe?"

"Mama yangu amekufa," akasema. "Wewe nakutaka hai."

Nilikaa nikayatazama yale mawe meusi, nikaona kama mimi ndiye ninayepakiwa kwenye toroli. Nisipopika mbege mimi ni nani? Bibi mmoja tu mwenye waya tumboni.

Siku ya kuchemsha ile ya mwisho, wifi alikuja alfajiri kunilinda. Alikuwa amelala Tarakea usiku wa kuamkia jana, baridi ya huko imemchuna mikono imepasuka kama ukuta wa udongo. Akavuta kigoda upande wa pili wa mlango, mbali na moshi, akaweka mkoba wake mapajani, akanikazia macho.

"Koroga," akasema. "Mimi naangalia koo. Likipanda tu, nakuona."

"Nikimeza mate?"

"Mate yana haki. Usinitanie."

Nikakoroga. Nje manyunyu, ndani moshi, pipa linaguna. Nilikuwa nimelikaribia mpaka goti karibu liguse kuni, maana baridi ile, jamani. Kila baada ya muda nakigusa kimashine juu ya kanga, nakikuta kina joto zuri, namshukuru Mungu: hakijaganda. Wifi hakupepesa. Mchana ukafika, hajaona koo likipanda hata mara moja, na nikamwona anaanza kukunja uso kama mtu ambaye hesabu yake haitoki.

"Umepima?" akauliza.

Nikapima mbele yake. Kumi na tisa. Asubuhi nilikuwa na nane.

Wifi akasimama. Akakishika kipimo mwenyewe, akakigeuza, akanitazama mdomo, akatazama pipa, akatazama mdomo tena.

"Wewe hujala," akasema taratibu. "Nimekaa hapa toka jogoo. Hujala, hujanywa, hujalamba. Mae yoo! Wifi, una nini?"

Nawaambia, miaka yote ile sijawahi kuona hofu usoni kwa wifi yangu. Siku ile niliiona, na ndiyo iliyonitisha kuliko ile kumi na tisa. Akakaa chini kabisa, pembeni yangu, kwenye udongo, akafikicha mikono yake iliyopasuka.

"Nipe basi mafuta yako nipake," akasema.

Nikaingiza mkono kibindoni, nikatoa kikopo, nikampa. Akafungua kifuniko akainamisha kikopo achote kwa kidole kama anavyochota kila siku.

Yakamwagika. Mafuta ya mgando! Yalimwagika kama maziwa, yakamwenea mapajani mpaka kwenye mkoba wa Tarakea.

"Mungu wangu!" akaruka. "Umeyachemsha?"

"Nimeyachemsha wapi? Yalikuwa kibindoni!"

Akafungua mkoba wake akatoa kikopo chake, ndugu wa kile changu, cha duka lilelile, akafungua, akakipindua juu chini. Hakikutoka kitu. Akapiga na kijiti: ko, ko. Jiwe. Mwezi wa saba, mafuta ya watu wote wa kata nzima ni jiwe, ya kwangu mimi ni mchuzi.

Tukatazamana. Halafu wote wawili, bila kuambizana, tukatazama kibindo changu.

Nikakitoa kimashine. Nilipokishika mkononi, bila kanga katikati, nilikaribia kukiangusha. Kilikuwa cha moto kama yai lililotolewa kwenye maji. Wifi akakigusa kwa kidole akakitoa haraka.

"Wifi," akanong'ona, "na dawa imo humu?"

"Imo."

"Binti alisema nini kuhusu dawa?"

"Isikae juani."

Akatazama moto. Mimi nikatazama moto. Kuni za mti wa mrijiti zilikuwa zinawaka kwa raha zao, wala hazina habari na sisi.

Mimi naongeza chumvi, najulikana kwa hilo kutoka Kibosho mpaka Majengo. Lakini hapa siongezi. Kumbe! Wiki zote zile, nikiogopa dawa yangu isigande, nilikuwa naipika! Nilikuwa napika vitu viwili, kimoja kwenye pipa na kingine kibindoni, na hicho cha kibindoni nilikuwa nakiivisha vizuri zaidi. Kilikuwa kinanidondoshea tumboni usiku na mchana dawa iliyokufa, na mimi nakigusa nasema asante Mungu kina joto. Nikaanza kucheka, halafu nikalia, halafu sikujua nafanya kipi, na wifi alikuwa ameshika mdomo kwa mkono uliojaa mafuta.

"Karibu mtu afe kwa kukaa na moto," akasema, "na mimi nimekaa hapa naangalia koo!"

Akanishika mkono akanitoa mle jikoni kama nyumba inaungua. Kwenye chumba cha kulala, karibu na mtungi, nikajichoma kwa bomba kutoka kwenye kichupa cha baridi. Nikamwaga ile dawa ya mashine yote, nikajaza mpya, nikabadilisha mpira na kisindano. Kimashine nikakipitisha mgongoni, chini ya sweta, upande usiotazama kitu chochote. Wifi alisimama mlangoni akizuia njia ya jikoni kwa mikono miwili.

"Pipa litaungua!" nikamwambia.

"Liungue."

"Ya harusi ya watu!"

Akafikiri. Halafu akapaza sauti mpaka ng'ambo ya mfereji: "Weee! Mume wa mtu! Njoo ukoroge!"

Mume wangu alikuja na panga la kukatia majani ya ng'ombe, akidhani nimekufa. Wifi akamweleza yote kwa pumzi moja, kikopo cha mchuzi mkono huu, kikopo cha jiwe mkono huu. Yeye aliviangalia vile vikopo, akaniangalia mimi, akaingia jikoni, tukasikia mwiko unaanza.

Kesho yake akanishusha kliniki. Daktari aliposikia hadithi yangu, aliweka kalamu chini.

"Mama, nilikuuliza jua."

"Na mimi jua sikuliona."

"Moto sikukuuliza," akasema, akatikisa kichwa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Hata sikufikiria. Joto ni joto, mama. Jua, moto, jiko, hata la kifuani kwa mtu mwenye homa ni la kuangaliwa. Na kuganda ni kule kuwa barafu. Baridi ya kwenu haifiki huko."

"Hujafika kwetu," nikamwambia.

Jumamosi fundi wa banda la nguruwe alikuja na toroli lake, gurudumu linalia njia nzima. Ilikuwa siku ya kupika uji wa ulezi na kuchanganya, sherehe kesho, na moto ulikuwa mkubwa. Mimi nilikuwa nje, kwenye kigoda karibu na mgomba, nimejifunika mablanketi mawili, natoa amri.

"Usiuache! Unashika chini!"

"Naukoroga!" akajibu mume wangu kutoka ndani, machozi ya moshi yanamtoka. "Wewe umewezaje miaka yote?"

"Kwa mkono! Zungusha mpaka chini!"

Fundi akasimama mlangoni. "Shikamoo mzee. Nimefuata yale mawe."

"Mawe yapi?"

"Si ulisema... ya jikoni, ya msingi."

Mume wangu akatoa kichwa nje, mweusi kama sufuria. Akaniambia, "Pima kwanza."

Nikajichoma kidole pale pale, blanketi begani. Wifi akainama, fundi naye akainama, hajui anatazama nini. Mume wangu akatoka na mwiko wake unadondosha uji mpaka kwenye viatu.

"Saba," nikasema.

"Isome tena."

"Namba haibadiliki kwa kusomwa."

Akanipokonya kipimo akakisogeza mbali na uso, akakisogeza karibu. Saba. Siku ya moto, siku ya pipa, na ni saba. Akavuta pumzi ndefu, akamgeukia fundi kama ndiyo kwanza anamwona.

"Mawe gani unayafuata wewe? Huoni yana kazi? Weka toroli, lete kuni."

Na ilipokuwa tayari, ikabidi ionjwe. Wote wakanitazama. Nikampa kata wifi. Akainua, akaonja kidogo, akatikisa kichwa kama hakimu, akaonja tena, halafu akainamisha kata mpaka tukaona kitako chake.

"Wifi! Kuonja ni kumaliza?"

"Nilikuwa natafuta sumu," akasema, akajifuta mdomo. "Iko chini kabisa, sijaifikia. Jaza."